Tembo Hajapotea Njia, Wajukuu Zangu

Wajukuu zangu. Kaeni. Kwenye gogo hilo pana nafasi ya watano mkibanana, na mwenye simu aiweke mfukoni kwanza, maana picha yenyewe nimekwisha kuiona. Imezunguka kijiji kizima tangu juzi. Nimemwona tembo katikati ya alizeti ya jirani yetu, nimeziona pikipiki tatu zikimzunguka, honi nimezisikia na vicheko nimevisikia. Nimeona na jambo moja ambalo ninyi mliokuwa hapo hapo hamkuliona. Kwa ajili ya hilo nimewaita.

Sikuwaita niwagombeze. Kugombeza kunataka pumzi, nami iliyobaki naiwekea kile kilima cha kisimani. Wala sitawasomea ule msemo wa asiyesikia la mkuu. Mmeusikia hadi umeingia butu, na isitoshe mimi la mkuu nililisikia na guu likavunjika vilevile. Tulikuwa doria, mkubwa wangu akaniambia pima upepo. Nikatoa majivu kwenye kifuko, nikayaachia, yakapeperukia nyuma yangu. Sawasawa. Tulipoingia korongoni upepo ukageuka. Korongo hugeuza upepo, na hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Mama mwenye ndama akaipata harufu yangu kabla sijamwona. Hakunigusa. Nilivunjika kwa kukimbia kwangu mwenyewe, nikatumbukia kwenye shimo la mhanga, na yeye akaondoka na mwanawe akiniacha nalia.

Basi turudi kwenye picha yenu. Kabla kijana wa pikipiki nyekundu hajasogea, tembo yule ameinua mguu mmoja wa mbele, anaubembeza taratibu, mbele nyuma, mbele nyuma. Mmoja wenu anasikika akisema anacheza muziki. Hachezi. Tembo anayebembeza mguu hivyo yuko njia panda: moyo mmoja unamwambia ondoka, mwingine unamwambia pambana, na mwili haujui umtii nani. Halafu anapanua masikio, anainua kichwa, anapiga mbiu, vumbi linaruka. Hapo anawatisha, na kutisha kwake ni hisani, anawapa nafasi mwondoke. Ninyi mkazidisha honi. Ndipo masikio yakalala nyuma, kichwa kikashuka, mkonga ukakunjwa chini ya kidevu na kelele ikakatika. Mkasema amechoka. Wanangu, wapo waliozikwa ambao neno lao la mwisho lilikuwa hilo hilo. Pikipiki iliwaka, Mungu mkubwa. Mtu kwa miguu yake hamshindi tembo mbio, na mimi nililijaribu nikiwa kijana mwenye mapafu mazima.

Jingine lililoniuma ni maneno yenu. Kila aliyesimulia alisema tembo “amevamia”, tembo “amepotea njia”. Mji wenu mkuu unaitwaje? Kisa tulichopewa na bibi zetu ni cha tembo aliyekwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akazama matopeni, watu wakasema idodomya, amezama, na mahali pakabaki na jina. Kipo na kisa cha ng’ombe wa wizi na mikia iliyochomekwa kwenye tope, lakini hicho nakitunza kwa siku ya utani. Waliotuachia jina hawakuona ajabu tembo kuja kunywa pale. Miaka michache nyuma, tembo walipoonekana jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, watu wa mjini walikimbilia madirishani kama walioona meli imetia nanga Bahi. Mzee mwenzangu mmoja hapa aliuliza neno moja tu: wametokea upande gani?

Swali hilo ndilo nililotaka nilisikie kwenu, wala si picha.

Pikipiki mnazo, siku moja zipelekeni Kolo, kule Kondoa. Kwenye miamba ile kuna twiga, tembo na pofu waliochorwa na watu tusiowajua hata majina. Mwaka 2006 miamba hiyo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, na bado kuna watu wa Dodoma hii hii hawajafika. Tazameni jinsi mnyama alivyokaa jiweni, mtajua anatembea au amesikia kitu. Mtu hachori hivyo kwa kukimbiza. Amekaa mbali, ametazama, kesho amerudi akatazama tena. Majirani zetu Wasandawe walibaki na jicho hilo muda mrefu kuliko sisi. Mmoja tuliyekuwa naye doria alikuwa akisoma nyayo kama mimi ninavyosoma barua ya mwanangu aliye mbali, polepole na kwa kurudia. Ndiye aliyenionyesha kwamba unyayo wa mguu wa mbele wa tembo ni mviringo na wa nyuma umerefuka. Pima kwa kamba mzunguko wa ule wa mbele, zidisha mara mbili, umepata kimo chake hadi begani. Kisigino kikiwa kimelainika na mistari imefutika, huyo ni mzee mwenzangu. Na mbuyu ukiukuta umechunwa gome wakati wa kiangazi, jua kwamba maji ya alikotoka yamekauka, anatafuna mti apate unyevu.

Mtaniuliza, kama wazee waliyajua haya, yalipotelea wapi? Hapo ndipo ninapochoka kweli, maana jibu ni refu na nusu yake ni aibu yetu.

Tusijisifu mno. Enzi za misafara, njia ya Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, na watemi wetu waliishi vizuri kwa hongo waliyotoza kwenye maji. Pembe zile zilizopita mabegani mwa wapagazi hazikuota mitini. Miiko ilikuwapo, na katika himaya nyingi za bara pembe iliyogusa ardhi ilikuwa haki ya mtemi, lakini bei ilipopanda pwani, miiko ikalegea. Kisha miaka ya 1890 ikaja sotoka. Ng’ombe wakafa, nyati wakafa, watu wakafuata kwa njaa, mashamba yakageuka vichaka na vichaka vikakaribisha mbung’o. Mjerumani akafika, akakuta pori, akadhani limekuwa pori tangu Adamu. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann akatoa amri ya kwanza ya uwindaji katika nchi hii, na mwaka 1910 likatengwa pori la akiba la Saba, huko ambako Waingereza walikuja kupaita Rungwa mwaka 1946 na sehemu yake ikawa Hifadhi ya Ruaha mwaka 1964. Amri ilitaka leseni, leseni ilitaka fedha. Babu yangu mwenye upinde wake alilala mwindaji akaamka jangili.

Waingereza nao wakaja na sheria yao ya 1921 na idara yao ya wanyama, mkuu wake wa kwanza akiwa Charles Swynnerton, mtu aliyehangaika na mbung’o hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Ofisa wa idara hiyo watu walimwita Bwana Nyama. Jina lilimfaa, kwa kuwa kazi kubwa watu waliyomwona akiifanya ilikuwa kupiga risasi tembo walioingia mashambani. Idara iliyoundwa kuwalinda iliwaua kwa maelfu. Marehemu baba alimbebea Bwana Nyama mmoja sanduku la risasi msimu mzima, na alichotusimulia ni hiki: kila walipomwangusha mmoja, waliobaki walihamia shamba la jirani wakiwa wakali zaidi na wajanja zaidi wa usiku. Watu walishangilia, wakala nyama, mwaka wa pili wakamwita tena.

Na kutojua mnyama kulitugharimu mahali pabaya kuliko mtama. Singida hapo, miaka ya 1940, maiti zilikuwa zikiokotwa zimeraruliwa na watu wakasema ni simba. Baadaye kesi zikafika mahakamani, ikaonekana kwamba nyuma ya baadhi ya makucha yale kulikuwa na mikono ya binadamu, wale walioitwa watu-simba. Mtu aliyemwona simba akiua anajua simba hushika wapi, huburuta vipi, huanza kula wapi. Kijiji kilichojua hayo kingeshtuka mapema.

Mimi niliingia kazi ya kulinda wanyamapori muda mfupi baada ya sheria ya wanyamapori ya 1974. Mwalimu alikuwa amekwisha kusema maneno yake ya Arusha mwaka 1961, kwamba wanyama hawa ni dhamana tuliyopewa, na chuo cha Mweka kilikuwa kinafundisha tangu 1963. Huku kwetu Operesheni Dodoma ya 1971 ilikuwa imekwisha kutukusanya vijijini. Sisemi ilikuwa mbaya, shule na zahanati tulizipata. Lakini aliyepiga mstari wa kijiji alitazama barabara, hakutazama korongo. Korongo lile mnaloliona kule chini ya mikwaju lilikuwa njia ya tembo kushuka kwenye maji kabla baba yangu hajazaliwa. Tukajenga pembeni yake, tukalima mdomoni mwake, na kwa muda hatukuona tatizo, kwa sababu tembo walikuwa wanakwisha.

Ndiyo, wanakwisha. Miaka ya sabini na themanini sikuhesabu mizoga niliyoikuta. Operesheni Uhai ilikuja 1989, na mwaka huo huo dunia ikakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe, tukapumua. Kisha biashara hiyo ikarudi tena. Sensa ya 2009 ilipata tembo zaidi ya laki moja nchini, ile ya 2014 ikakuta elfu 43 na ushei. Miaka mitano tu. Ninyi mlikuwa shule ya msingi mnaimba nyimbo za mazingira.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo ninalotaka mbaki nalo kuliko miaka niliyowatajia. Jangili hapigi tembo yeyote. Hutafuta pembe kubwa, na pembe kubwa wanazo wazee. Kundi la tembo ni bibi, binti zake na wajukuu, na bibi ndiye anayetembea na ramani kichwani. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Tarangire, pale jirani na Kondoa yetu. Katika miezi tisa, kati ya ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa 16. Mwaka wa kawaida hufa wawili kwa mia. Watafiti walipotulia na daftari zao wakaona kwamba familia zilizotoka nje ya hifadhi zilinusurisha ndama wao kuliko zilizobaki, na waliotoka waliongozwa na majike wenye umri. Wale bibi walikuwa hai katika ukame wa mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakiwa wadogo wanafuata mama zao. Baada ya miaka zaidi ya thelathini wakakumbuka pa kwenda. Familia zilizobaki hazikuwa na wa kukumbuka, bibi zao walikuwa wameuawa kwa ajili ya meno.

Mnaponiona nimesimama pale kwenye mkwaju natazama korongo bila kusema, mnadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nafikiri habari hiyo.

Na yule dume wenu wa pichani? Dume akifika miaka kumi na miwili hadi kumi na tano huondoka kwenye kundi la mama yake; wanamsukuma, naye amechoka kusukumwa. Huzurura, hujifunza kwa madume wakubwa kama wakiwapo. Mwili wake unataka chakula kingi, na usiku mmoja kwenye mtama uliokomaa unamlipa kuliko wiki nzima ya kutafuna matawi. Kuna wakati utaona majimaji yanamtiririka shavuni, kati ya jicho na sikio, na mkojo unadondoka njia nzima. Huyo yumo katika joto la kutafuta jike, hashauriki. Ukimwona hivyo hata mimi simtazami mara mbili, naondoka.

Mholanzi mmoja, Nikolaas Tinbergen, aliyepewa Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili kwa kuchunguza tabia za wanyama, alikuwa akisema mnyama akifanya jambo muulizie mambo manne: nini kimemsukuma sasa hivi, alijifunza vipi tangu utoto, linamfaa nini maishani, na ukoo wake ulilipataje tangu kale. Hayo niliyasikia kwa ofisa mmoja kijana aliyetoka Mweka, usiku, tunaota moto porini. Nilicheka. Sisi wakongwe tulikuwa na swali moja tu, risasi zimebaki ngapi. Lakini ninyi maswali yale mnayajua bila kusomea. Mmeamia ndege tangu mkiwa watoto, mnajua kwelea kwelea hashuki kwa wingi kwenye uwele mpaka mbegu za nyasi zimepungua. Mnamjulia ndege wa ukubwa wa kidole gumba sababu yake, tembo mnamwita mvamizi.

Siwalaumu wenye shamba. Mama yule wa alizeti amelia, na kilio chake ni cha haki. Sheria ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, lakini usiku wa manane mdhamini yuko mbali na tembo yuko mlangoni. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho cha kati ya shilingi elfu 25 na laki moja kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano, na kifuta machozi cha milioni moja kwa aliyeuawa. Angalieni maneno yenyewe: kufuta jasho, kufuta machozi. Hakuna aliyeahidi kulipa shamba, sembuse mtu. Anayelima ndani ya mita 500 za mpaka hakuwekewa kitu kabisa, na nusu yenu mnatamani kulima huko huko.

Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Kamba ya katani iliyopakwa pilipili na oili chafu inafaa, ila mvua ikinyesha paka upya, usije ukasema pilipili ni uongo. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba inafaa, imejaribiwa kule Kenya. Tembo akisikia mvumo wa nyuki waliokasirika huondoka na kuwaonya wenzake, kwa kuwa nyuki humuuma machoni na ndani ya mkonga. Nasi asali ni kazi ya mababu. Lakini mzinga mtupu ni gogo linaloning’inia. Kiangazi kikali nyuki huhama, na tembo anajua. Tochi na ngoma kwa pamoja, toka mbali, mkiwa kundi, mkimwachia upande mmoja wazi wa kutokea. Askari wa wanyamapori wa TAWA wakija kuswaga tembo, wapisheni waswage. Tembo mliyemzingira pande zote mmemfundisha kitu kimoja tu, kwamba watu wa kijiji hiki hawana mlango, na mwakani atakuja akiwa amekwisha kuamua tangu porini.

Na dungu la kulalia shambani lifungeni juu zaidi. Wataalamu walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba nchini kati ya 1990 na 2004, na wengi walipatikana majira ya mavuno wakilinda mazao dhidi ya nguruwe. Nguruwe hufuata mahindi, simba hufuata nguruwe. Siku mbaya ni zile zinazofuata mbalamwezi pevu, mwezi unapochelewa kutoka na giza la jioni likawa refu. Bibi yenu alikuwa akiwaita ndani mapema siku hizo mkalalamika.

Nimesema mengi, na kile kilima bado kinaningoja. Nimesikia mmegawana kipande cha chini, pale korongo linapofunguka kwenda kwenye lambo, na kwamba mvua za kwanza zikinyesha mnapanda mtama. Naomba msipande pale. Ekari tatu za mdomo wa korongo ziacheni, mimi nitawapa za kwangu za juu, nguvu za kuzilima sina tena. Kesho alfajiri, kabla jua halijachoma vumbi, mmoja wenu alete pikipiki anipakie nyuma taratibu, guu hili halitaki mashimo, na mwingine aje na kamba. Nyayo za yule dume bado ziko mchangani. Tutazipima.